Siku Mjomba Alipokosa Firigisi

Wanangu mnaoanza kazi hii ya lishe, ya kuingia jikoni kwa watu, neno la kwanza la kulisahau ni "bila". Mboga bila nyama, pilau bila nyama, mchuzi bila nyama. Ukishasema "bila", mwenye nyumba hasikii tena chakula, anasikia kunyang'anywa. Mimi nilifukuzwa nyumba moja ya Kingolwira kwa neno hilo. Baba mmoja aliyestaafu kazi ya reli alinisikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akanifungulia mlango kwa adabu zote, akasema, "Mama, maharage nilikula bwenini miaka yangu yote ya shule. Kifungo changu nimeshamaliza." Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, nilikuwa nimetembea juani kutoka stesheni.

Mlikuja juzi hapa kwangu na simu zenu zenye video nzuri za mapishi, mkanilalamikia kwamba familia zinatazama, zinasifu, kisha zinarudi kwenye ugali na chumvi. Mkaniuliza kama video ni fupi mno. Nikawakatisha, na naomba radhi kwa sauti niliyotumia, lakini kosa haliko kwenye video. Sisi enzi zetu tulikuwa na picha za kuchora kwenye kitambaa, na watu walizisifu vilevile. Nimeona niwaandikie habari ya nyumba moja ya Mlali, kwa sababu ndipo nilipoijua kazi hii, ingawa nilikuwa nimeshaifanya kwa miaka mingi.

Nilifika asubuhi nikamkuta Zuhura amekalia gunia mlangoni.

Gunia lilikuwa la mbaazi, na alikuwa amelikalia barabara, miguu ameikunja, khanga kaifunga kiunoni kwa fundo la ugomvi. Mbele yake alisimama mumewe, Shabani, na nyuma ya Shabani kijana wa bodaboda amezima pikipiki anasubiri mzigo. Hakuna aliyenikaribisha. Mtoto wao wa mwisho, Mwana, alikuwa ameshika upindo wa khanga ya mama yake ananitazama.

"Zuhura, nyanyuka," Shabani alisema.

"Sinyanyuki."

"Mjomba wako anashuka leo. Utamtengea nini?"

"Hiki nilichokikalia."

Shabani akanigeukia. "Mama, wewe ndiye umemtia maneno haya. Sasa mwambie mwenyewe. Mwambie!"

Ngoja niwaeleze walivyofika hapo, maana mtu akisikia juu juu atadhani ni ugomvi wa kawaida wa mke na mume.

Shabani alikuwa amehamia kwa mkewe. Kiwanda alichofanyia kazi mjini kilipopunguza watu, walikwenda kulima kwenye shamba la ukoo wa Zuhura. Kwa Waluguru ardhi inakwenda upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mjomba wa Zuhura, Mzee Kibwana, aliishi juu mlimani, na kila mwaka baada ya mavuno alishuka kuwatazama wapwa zake nyumba kwa nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na heshima yake ilikuwa kuku. Akija, kuku anachinjwa, na katika kuku yule firigisi ni yake. Hilo hata mtoto wa Mlali analijua: firigisi haipotei njiani. Mpishi akiionja kwa bahati mbaya, heri aseme paka kaiba.

Sasa mwaka uliotangulia alimkuta Mwana amekonda, nywele zimepauka, hana hata hamu ya kucheza. Alikula kuku wake, akanawa, kisha akasema mbele ya wote, "Zuhura, nikirudi nikimkuta mtoto huyu hivi, nitaondoka naye. Atalelewa na dada yako kule Gairo." Mjomba akisema hivyo, hasemi kutisha. Zuhura alilibeba neno lile mwaka mzima kifuani, na aliponisimulia mara ya kwanza alishindwa kulimaliza.

Nilianza kwenda kwao masika iliyofuata. Nami nilifanya kama nilivyofundishwa na marehemu Bi Leonia, mpishi wa zahanati, mzee wa Matombo mwenye mdomo mkali na mkono mtamu. Yeye alinipa kanuni ambayo nawapa na ninyi: kabla hujapika chochote, onja sufuria yao. Usiulize, onja. Nikaonja ya Zuhura nikakuta mboga ni maji yamepitiwa na chumvi, na juu yake majani ya maboga yanaogelea. Nami nikamwambia Bi Leonia, "Wale ni maskini, hawana kitu." Akanitazama kama mtu anayetazama wali ulioungua. "Umelima nao?" Hapana. "Umeona wanavuna nini?" Hapana. "Basi hujaonja."

Nikarudi, nikakaa, nikatazama. Watu wale walivuna mbaazi, kunde, choroko, karanga kidogo. Kisamvu kilisimama nyuma ya nyumba bila mwenyewe. Njaa ilikuwa inakaa katikati ya chakula! Mbaazi zote zilikuwa za kuuza, na fedha yake ni ya nyama ya sikukuu na kuku wa wageni. Kula mbaazi mwenyewe kulikuwa ni kukiri kwamba umeshindwa. Zuhura aliniambia bila aibu, "Mama, mbaazi tunakula msibani. Nikipika nyumbani jirani atakuja kuuliza nani kafa."

Hapo ndipo nilipoanza kufanya kazi kweli. Sikumwambia ale mboga badala ya nyama. Nilimwambia tupike mbaazi zinukie mpaka jirani aje kwa sababu nyingine. Na hapa sikilizeni vizuri, hii haimo kwenye video zenu. Mbaazi kavu ziloweke usiku kucha, maji yale mwaga. Chemsha kwa moto wa wastani bila chumvi. Chumvi ikiwahi, ganda linakaza na utachoma kuni za wiki. Kitunguu kikaange pembeni, kikaange kweli, kibadilike rangi, kwa sababu harufu ndiyo inayotangulia kupiga hodi kwa jirani. Tui jepesi liingie mapema liive na mbaazi. Tui zito lije mwisho kabisa, ukoroge polepole, usifunike, likishachemka kidogo ondoa. Ukilifunika linakatika, na tui lililokatika linatangaza uvivu wa mpishi. Kisamvu kitwange, kichemshe vizuri sufuria ikiwa wazi kwanza, karanga baadaye. Asikudanganye mtu kwamba kisamvu kibichi-kibichi kina ladha zaidi. Kina madhara.

Bi Leonia aliongeza moja ambalo sikulielewa wakati ule. Alisema chakula kisicho na nyama kina kasoro moja tu, nayo si ladha. Kuku ana firigisi, ana paja, ana shingo, ana miguu. Ukimtenga tu, kila mtu anajua yeye ni nani nyumbani humo. "Mbaazi zote ni sawa," alisema. "Nani atajua baba ni yupi?" Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mzee.

Mwana alianza kunenepa taratibu. Alikula uji wa karanga asubuhi, mbaazi au kunde mchana, na jioni alikuja mwenyewe na kisahani chake, jambo ambalo mama yake hakuwahi kuliona. Lakini mbaazi za mwaka uliopita karibu zote zilikuwa zimeshauzwa, na tuliunga kwa choroko na kunde za vichanja vya watu. Kwa hiyo mavuno mapya yalipoingia, Zuhura alijaza gunia moja, akalichanganya na majivu wadudu wasiguse, akalishona mdomo, akalisimamisha kwenye kona ya chumba chao. Akaniambia, "Hili ni la Mwana. Halitoki." Nikamsifu. Nilikuwa nimesahau kwamba mavuno yakiingia, mjomba naye anashuka.

Na mwaka ule kideri, ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita Mlali nzima. Hapakuwa na hata kifaranga uani kwao.

Sasa mmeelewa lile gunia la mlangoni. Likiuzwa, kuku anapatikana, mjomba anaondoka ameridhika, na mtoto anarudi kwenye chumvi; mwakani atakutwa amekonda na atachukuliwa. Lisipouzwa, mjomba anakosa firigisi, anaona nyumba imeanguka, na anaweza kumchukua siku hiyohiyo. Shabani hakuwa mpumbavu. Aliniambia pembeni, "Mama, mimi hapa ni mkwe. Nimekaa kwenye ardhi ya watu. Akikasirika, wewe utarudi mjini na mkoba wako. Mimi nitarudi wapi?"

Nawaambia ukweli, niliogopa. Nilikuwa nimezoea kushinda kwa mwiko na kitunguu, na siku ile niliona mambo ambayo kitunguu hakiyawezi. Nusura nimwambie Zuhura anyanyuke.

Zuhura akamwambia yule kijana wa bodaboda, "Mdogo wangu, nenda. Utapoteza abiria bure." Kijana akamtazama Shabani, Shabani akatazama chini, pikipiki ikaondoka. Kumbe mbaazi alikuwa ameshaziloweka tangu jana yake. Aliamua kabla sisi hatujaanza kubishana.

Gunia likarudi kwenye kona yake, tukapika. Shabani alikuna nazi, yeye mwenyewe bila kuombwa, akikuna kwa nguvu mpaka nikahofia kifuu kitaingia kwenye machicha. Nikamwambia Zuhura, "Mjomba tumtengee peke yake. Bakuli lake, kawa lake. Tui zito lake limwagwe juu, lisikorogwe." Angalau jicho lione heshima. Akaitikia kwa kichwa tu.

Mzee Kibwana akafika adhuhuri imeshapita, kanzu safi, mkungu wa ndizi mzuzu begani kwa mjukuu wake mkubwa aliyefuatana naye. Shikamoo zikapigwa, marahaba zikaitikiwa. Aliuliza mvua, akauliza afya, akauliza shamba. Alimtazama Mwana kwa haraka. Akaketi mkekani, akanawishwa. Zuhura akaweka ugali, akaweka kisamvu, akaweka lile bakuli lenye kawa, akapiga goti na kurudi nyuma.

Mzee akafunua kawa. Akatazama. Akalifunika tena, polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Zuhura."

"Abee, mjomba."

"Hapa pana msiba ambao sikuambiwa?"

"Hapana, mjomba. Hakuna msiba."

"Basi firigisi yangu iko wapi?"

Shabani akaanza, "Mjomba, mwaka huu kideri..." Mzee akainua kiganja. Hakumtazama. Macho yake yalikuwa yamehamia kwangu.

"Na mama huyu ni nani?"

"Ni mama wa lishe," Zuhura akajibu. "Anatufundisha mapishi."

"Anawafundisha kumpokea mjomba kwa mboga ya kilioni."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, mwajua, ya vitamini na ya nguvu za mwili. Zuhura akanitazama mara moja tu nikaufunga. Nashukuru mpaka leo. Hakuna ambacho kingeharibu mambo haraka pale kama neno la mgeni.

Yeye akaingia ndani. Tukasikia kitu kinaburutwa. Akatoka na gunia, analivuta kwa mikono miwili, akalifikisha ukingoni mwa mkeka, akaliacha hapo. Alikuwa anahema.

"Firigisi yako imo humu, mjomba. Mwaka jana gunia kama hili nililiuza nikanunua jogoo. Ulikula, ukanishukuru, ukasema nimekupokea vizuri. Ulipoondoka, huyu alikula ugali na chumvi mpaka masika." Akamgusa Mwana kichwani. "Na mwaka juzi hivyo hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mjomba? Wewe ni mgeni wangu."

Shabani alikuwa ameshika goti lake kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nikitazama mlango, nahesabu kichwani nguo za mtoto zitakavyofungwa, kwa sababu nilijua kwamba aliyeleta balaa hili ni mimi. Mzee akafungua mshono wa gunia kwa ukucha, akaingiza mkono, akatoa mbaazi kiganjani, akazipuliza majivu, akazinusa. Mkulima ni mkulima. Hata hasira yake inapisha mbegu nzuri.

"Mwana," akaita. "Njoo."

Zuhura alijongea nusu hatua akajizuia. Mtoto akaenda. Mzee akamshika mkono, akaubonyeza juu ya kiwiko, kisha shavu, kisha akamgeuza kutazama nywele kisogoni. Akamshikilia vile muda mrefu. Nikasema moyoni, basi, anaondoka naye.

"Anakula nini huyu siku hizi?"

Zuhura akajibu. "Hicho ulichokifunika, mjomba."

Mzee Kibwana akamwachia mtoto. Akaomba maji, akanawa upya, ingawa alikuwa hajagusa kitu. Akafunua kawa. "Bismillahi," akasema, akamega tonge, akachovya. Akala la kwanza. Akala la pili. Hakusifu. Baada ya matonge kadhaa akaacha kula kidogo, tonge likiwa mkononi, akasema bila kumwangalia mtu, "Kumbe mwaka jana nilikula chakula cha mtoto, kisha nikamlaumu mama yake."

 

Sasa katikati ya bakuli lile tui zito lilikuwa bado limekusanyika, jeupe, hajaligusa. Akalisogeza pembeni kwa vidole, akalikusanya na mbaazi zake, akamvuta Mwana akae naye mkekani, jambo ambalo watoto hawafanyi mjomba anapokula. Akasukuma bakuli mbele yake.

"Haya," akamwambia. "Firigisi hiyo. Kula."

Zuhura aligeuka akaingia jikoni. Nilimfuata nikamkuta anasugua sufuria iliyokuwa imeshasuguliwa, machozi yanamshuka. Nami nikalia, wala sioni haya kuwaambia. Ndipo nilipomwelewa Bi Leonia. Katika mbaazi hakuna firigisi mpaka mtu mwenye haki ya firigisi aiweke mwenyewe.

Mtoto hakuchukuliwa. Shabani hakunisemesha kwa muda mrefu. Nadhani aliona haya kwamba nilimkuta siku ya hofu yake. Halafu mavuno mengine yalipoingia, alinitumia mbaazi kwa kijana yuleyule wa bodaboda, na salamu kwamba tui lisifunikwe. Mkorofi kweli.

Walionikasirikia ni wapwa wengine wa Mzee Kibwana. Kila nyumba aliyoshukia sasa alikuwa anatangulia kuuliza, "Kuku huyu mmeuza nini?" Wakinyamaza, hali. Mmoja alinidaka sokoni Morogoro, mbele ya mafungu ya nyanya, "Mama Mbaazi, umetuharibia mjomba! Sisi mapaja tulikuwa tunayapata siku yake tu!" Hilo jina nimekaa nalo hadi kustaafu. Nikamwambia aje nimfundishe choroko za nazi. Alikuja, huku ananuna.

Kwa hiyo, wanangu, wekeni simu chini kidogo. Mkiingia nyumbani kwa watu, msianze kuuliza wanakula nini. Watawatajia vizuri vyote. Waulizeni: akija mgeni wa heshima, huwa mnauza nini? Kisha nyamazeni mumtazame mama wa nyumba. Kabla hajajibu, macho yake yataenda kwenye kona moja ya chumba. Kilichosimama kwenye kona hiyo ndicho chakula cha watoto wake.